Steringi hafi? Familia ya Kurc wa Radom, na ugumu wa kuipeleka kwenye runinga simulizi ya walionusurika

Mtunzi wa Usa River:

Wakuu, habari za jioni.

Nimemaliza kwa mara ya pili tamthilia ya We Were the Lucky Ones, ile ya sehemu nane iliyoanza kuoneshwa Hulu, huduma ya Marekani ya kuangalia filamu mtandaoni, tarehe 28 Machi 2024. Mara ya kwanza niliangalia kama mtu yeyote anayeangalia tamthilia usiku baada ya kazi. Safari hii nilikaa na daftari, nikawa nasimamisha kila sini, kwa sababu nami nina skripti mezani inayohusu watu waliotoroka vita hiyohiyo. Nitaielezea baadaye. Ambaye hajaiangalia ajue kwamba nitataja mwisho, ingawa jina lenyewe limeshautaja: sisi ndio tuliokuwa na bahati.

Kwa kifupi. Familia ya Kurc walikuwa Wayahudi wa Radom, mji ulio kusini mwa Warsaw. Mzee Sol na mkewe Nechuma walikuwa na duka la vitambaa na watoto watano: Genek, Mila, Addy, Jakob na kitinda mimba Halina. Wajerumani waliivamia Poland tarehe 1 Septemba 1939, na kufikia tarehe 8 Radom ilikuwa mikononi mwao. Familia ikasambaratika. Mmoja alikuwa Ufaransa, mwingine akapelekwa Siberia, wengine wakaishi Warsaw kwa majina ya bandia. Vita vilipoisha mwaka 1945, wazazi wote wawili na watoto wote watano walikuwa hai.

Kaeni kidogo na jambo hilo. Radom ilikuwa na Wayahudi kama 30,000 kabla ya vita, karibu theluthi ya mji. Waliobaki hai hawakufika 300. Katika Poland nzima waliuawa karibu tisa katika kila kumi, na walikuwa zaidi ya milioni tatu.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mwandishi wa skripti. Erica Lipez, aliyeibuni tamthilia, amepokea riwaya ya Georgia Hunter ya mwaka 2017, na Hunter ni mjukuu wa Addy mwenyewe. Matukio ni ya kweli. Mtu wa kati hafi hata mmoja. Utaandikaje?

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunao msemo wetu: steringi hafi. Risasi mia zinampita, ghorofa inamwangukia, anatoka anajipangusa vumbi, na sisi kwenye benchi tunashangilia kwa kuwa tulijua. Ndipo ilipo hatari ya simulizi kama hii. Mtazamaji akiona Kurc wote wamepona, anaanza kuwahesabia sababu: walikuwa na akili, walikuwa na chochote mfukoni, walizungumza Kipolandi safi, walithubutu. Akimaliza kuhesabu atakuwa amewahukumu majirani zao wote wa Radom bila kukusudia. Kumbe wale hawakuwa na akili? Hawakuwapenda watoto wao?

Kwangu mimi tamthilia hii inapimwa kwa swali hilo moja: je, imeiacha bahati ibaki kuwa bahati?

Dada Mhariri:

Mkuu, uzi mzuri, lakini nakupinga kidogo. Halina alithubutu kweli. Hakukaa kusubiri. Alitembea na vitambulisho bandia, akafanya kazi ya ndani Warsaw, akafungwa gereza la Montelupich kule Kraków, akatoka, akaendelea kuwatafuta wazazi wake na kuwalipia maficho. Ukisema ni bahati tu unamvua heshima yake.

Mtunzi wa Usa River:

Dada, simvui. Ushujaa wake ni wa kweli, na Joey King amembeba vizuri mno, hasa pale anapotabasamu mbele ya Mjerumani huku mkono uliofichwa unatetemeka. Nachosema ni kwamba ushujaa ulikuwa kama nauli. Bila nauli hupandi gari, lakini nauli haikuhakikishii kwamba gari litafika.

Chukua mfano wa Adam, mume wa Halina. Kwenye kitabu, mwenye nyumba wao Warsaw anaanza kuwashuku. Mnaelewa kwamba kule, wakati ule, mwanamume aliyetahiriwa alikuwa amebeba hati yake ya kifo mwilini, maana Wapolandi wasio Wayahudi kwa kawaida hawakutahiri. Adam alikuwa amejibandika bandeji yenye rangi ya ngozi, na gundi yenyewe ilikuwa ute wa yai. Aliposhutumiwa, akashusha suruali. Mwenye nyumba akatazama, akaona haya, akaondoka. Angetazama nusu dakika zaidi tungekuwa na simulizi nyingine, au tusingekuwa na simulizi kabisa. Akili ya kutumia ute wa yai ni ya Adam. Ile nusu dakika haikuwa yake. Halafu Adam huyuhuyu aliyepona aliwapoteza watu wa kwao.

Namtazama na Bella, mke wa Jakob. Ameolewa katika familia yenye bahati, lakini damu yake ni ya familia nyingine, na familia ile ilikwisha. Anampoteza ndugu yake Anna, kisha wazazi. Eva Feiler, anayemwigiza, ana sehemu ambayo hasemi karibu chochote. Amekaa tu, Jakob anazungumza, yeye hayupo. Hapo waandishi walifanya uamuzi wa maana: walimpa mtu wa pembeni uzito uleule wa watoto wa Sol. Kupitia kwa Bella, mtazamaji anaingia nyumba ya pili, ile ambayo hakurudi mtu. Kama wangembana Bella kwenye dakika tatu ili kumwachia Halina nafasi ya kukimbia zaidi, tamthilia nzima ingekuwa ya steringi.

Msomaji wa Kisumu:

Mimi nimeona sehemu mbili za kwanza tu. Swali langu ni kwa nini ianze mwisho? Inafunguka vita vimeshaisha, Halina yuko ofisi ya Msalaba Mwekundu anauliza majina, ndipo inarudi nyuma hadi karamu ya Pasaka ya Kiyahudi ya 1938. Si wameshatuambia kwamba yeye alipona?

Mtunzi wa Usa River:

Ndugu yangu wa Kisumu, hilo ni mojawapo ya mambo niliyoyawekea alama kwenye daftari. Kitabu hakianzi hivyo. Kinaanza na Addy akiwa Paris mapema 1939, kila sura fupi ikimfuata mtu mmoja, na maelezo mafupi ya kihistoria katikati. Kitabuni inawezekana, maana msomaji akisahau nani ni nani anaweza kurudi ukurasa wa nyuma. Mtazamaji wa runinga ukimrushia ndugu watano, wenza wao, nchi sita na miaka saba, anapotea.

Kwa hiyo wametoa siri ya Halina sadaka, ili wapate kitu kikubwa zaidi. Ukimwona pale kwenye meza ya Msalaba Mwekundu, swali linahama kutoka "atapona?" na kuwa "yuko peke yake?" Na swali hilo ndilo walilokuwa nalo watu wenyewe. Hakuna aliyejua habari za mwenzake. Addy alikaa miaka akiwa Brazil bila barua hata moja kutoka nyumbani. Sisi tunaoangalia tunajua yuko hai, mama yake hajui. Maumivu yote yamekaa kwenye huo upungufu wa habari, na hakuna mlipuko wa bomu unaoweza kuushinda.

Ile karamu ya 1938 nayo ina kazi yake. Meza moja, watu wote, mishumaa, kelele za ndugu kutaniana. Baada ya hapo utakaa muda mrefu bila kuwaona wote pamoja. Kila ukiona meza nyingine, ya Lvov, ya Siberia, ya Rio, unahesabu viti bila kuambiwa. Thomas Kail, mmoja wa waongozaji, ametoka kwenye jukwaa la maigizo (ndiye aliyeongoza Hamilton, ule mchezo wa muziki wa Broadway), na inaonekana: anajua kukaa na watu mezani bila kuharakisha kamera.

Msomaji wa Kisumu:

Nimeelewa. Na lugha je? Wapolandi wanaongea Kiingereza nyumbani kwao. Kidogo ilinitoa.

Mtunzi wa Usa River:

Nami ilinitoa, na mara ya pili pia. Najua sababu: waigizaji wametoka Marekani, Uingereza na Israel, na mtazamaji wao mkubwa ni wa Marekani. Lakini katika simulizi hii lugha ilikuwa uhai. Mtu alipona au alikufa kwa matamshi yake. Aliyelelewa kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, kisha akajifunza Kipolandi shuleni alisikika mara moja, na Kurc walikuwa wamekulia ndani ya Kipolandi. Ukiigeuza lugha yao kuwa Kiingereza kimoja laini, mtazamaji hasikii tena tofauti hiyo, anaambiwa tu. Kwa maoni yangu ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika tamthilia hii. Fikiria mtu atengeneze tamthilia ya Pwani ambamo wa Lamu, wa Unguja na wa bara wanasikika sawasawa, halafu njama yote inategemea lafudhi.

Kapteni Mstaafu:

Kijana, mimi nimevutiwa na yule Genek, maana ni mambo ya jeshi. Siberia mpaka Monte Cassino! Elezea hapo.

Mtunzi wa Usa River:

Shikamoo mzee. Hapo ndipo palipo na skripti yangu, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Mwaka 1939 Poland iligawanywa: Wajerumani magharibi, Wasovieti mashariki. Genek na mkewe Herta walikuwa Lvov, upande wa Wasovieti. Genek akakataa kujiandikisha kuwa raia wa Kisovieti, na mwaka 1940 yeye na Herta wakakamatwa na kupakiwa kwenye behewa za mizigo hadi kambi ya kukata magogo Siberia. Herta akajifungulia huko. Kitabuni kuna jambo ambalo sitalisahau: baridi ilikuwa kali kiasi kwamba asubuhi mtoto aliamka kope zimegandana, na mama akawa anamdondoshea maziwa yake ya kifua ili yafunguke.

Ukitazama pale unasema hawa ndio waliokosa bahati kuliko wenzao wote. Lakini tarehe 30 Juni 1941 Wajerumani waliingia Lvov na mauaji ya Wayahudi yakaanza siku zilezile. Genek na Herta hawakuwepo. Walikuwa wameadhibiwa mbali. Adhabu ndiyo iliyowaweka hai. Wakuu, utaandikaje hilo kwenye skripti na mtazamaji asione kwamba Genek alikuwa na hekima ya mbele? Hakuwa nayo. Alikuwa na msimamo na kiburi cha ujana, akalipia kwa mwaka wa njaa, kisha ikaja kuwa ndiyo kinga.

Julai 1941 Stalin, baada ya kushambuliwa na Hitler, akapatana na serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London. Wafungwa wa Kipolandi wakapewa kinachoitwa msamaha, ingawa hawakuwa na kosa, na Jenerali Anders, Mpolandi, akaruhusiwa kuunda jeshi lao. Watu wakatoka makambini wakasafiri maelfu ya kilomita kwenda kusini, hadi Uzbekistan, wakifa njiani kwa homa ya matumbo na njaa. Mwaka 1942 zaidi ya watu laki moja, askari na raia, walivushwa hadi Iran kupitia bandari ya Pahlavi kwenye Bahari ya Kaspi. Askari wakaendelea Iraki, Palestina, Misri, hadi Italia, na Mei 1944 Wapolandi ndio waliopandisha bendera kwenye magofu ya monasteri ya Monte Cassino. Genek alikuwa katika jeshi hilo.

Na raia? Hapa ndipo nilipoacha kalamu nilipoangalia mara hii ya pili. Wanawake na watoto waliovuka na jeshi lile, sehemu yao waliletwa kwetu. Meli ziliwashusha Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Wakagawanywa Masindi na Koja kule Uganda, Kidugala, Ifunda, Kondoa, na kambi kubwa kuliko zote Tanganyika ilikuwa Tengeru, watu kama 5,000, kilomita chache kutoka ninapoandikia uzi huu. Wengi wao walikuwa Wakatoliki, si Wayahudi, na njia iliyowaleta ni ileile ya Genek: behewa, msitu wa Siberia, Uzbekistan, Pahlavi. Makaburi yao yapo mpaka leo katika eneo la chuo cha mifugo. Nilikuwa napita pale nikienda shule. Babu yangu aliwauzia ndizi na maziwa, akajua maneno mawili matatu ya Kipolandi hadi uzeeni. Sikuwahi kumuuliza walitoka wapi. Nilidhani walitoka Ulaya kama Wazungu wengine, kwa ndege au meli nzuri.

Kwenye tamthilia, safari hiyo ya Genek imebanwa mno. Siberia imepata nafasi yake, lakini kutoka pale hadi Italia tunaruka. Naelewa bajeti. Walishuti Romania na Hispania, na huwezi kujenga kila jangwa. Hata hivyo njia ile ingeweza kubeba sehemu mbili nzima.

Dada Mhariri:

Nyanya yangu mzaa mama alikuwa Ifunda, naye alikuwa akisema "nyumba za Wapolandi" na sisi hatukumwelewa. Asante kaka.

Mwana wa Huye:

Nasoma kimya tangu mwanzo. Mimi ni Mnyarwanda, naishi Dar. Mama yangu mdogo alinusurika 1994. Anasema swali linalomuumiza kuliko yote ni lile la watu wema: "ulifanyaje ukapona?" Anasema hakufanya kitu. Alijificha sehemu moja na wenzake, yeye hawakumwona. Ndiyo maana hapendi kusimulia. Naomba kujua huyo mjukuu alizipataje habari, ikiwa watu wake walikuwa hawazungumzi.

Mtunzi wa Usa River:

Pole sana ndugu yangu, na asante kwa kutuandikia hilo. Mpe mama mdogo salamu zetu, bila kumuuliza chochote.

Hunter alikuwa na umri wa miaka 15 alipojua. Babu yake, ambaye yeye alimjua kama Mmarekani wa kawaida aitwaye Eddy, alifariki 1993. Mwaka uliofuata shule ikawapa wanafunzi kazi ya kuhoji wazee wa familia, akamhoji bibi yake, ndipo akasikia Radom na Uyahudi kwa mara ya kwanza. Mwaka 2000 ukoo ulikutana, akawasikiliza wakubwa wakikumbushana mezani. Akaanza utafiti 2008 na kitabu kikatoka 2017. Miaka tisa. Alianza na waliokuwa watoto wakati wa vita, kama binti wa Mila, kisha akaenda nchi hadi nchi akirekodi.

Palipokuwa na kimya hakukilazimisha. Aliandikia kumbukumbu za taifa, makumbusho na taasisi. Katika taasisi ya Hoover, Marekani, alipata maelezo ya kurasa tisa ambayo Genek aliyaandika kwa mkono wake kuhusu miaka ya uhamisho. Waza kupata karatasi ya namna hiyo. Na bado aliita kazi yake riwaya, kwa sababu mazungumzo ya vyumbani aliyatunga, naona alifanya haki kuiita hivyo.

Na kuhusu "hakufanya kitu": hata Addy angeweza kusema vilevile. Alikuwa Ufaransa, mipaka ikafungwa asifike nyumbani. Alipata viza kwa Souza Dantas, balozi wa Brazil aliyekuwa akiwapa Wayahudi viza kinyume cha amri ya serikali yake. Yad Vashem, taasisi ya Israel ya kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, walimtambua 2003. Januari 1941 Addy alipanda meli Alsina kutoka Marseille. Meli ikazuiwa Dakar kwa miezi, viza za siku 90 zikaisha, ikarudishwa Casablanca. Addy akafika Rio mwaka huohuo kwa meli nyingine. Abiria wengine wa Alsina walikuwa na viza kama yake na hamu kama yake, na si wote waliofika.

Kapteni Mstaafu:

Na wewe skripti yako, steringi anakufa au hafi?

Mtunzi wa Usa River:

Mzee, umenigusa pale pale panaponiuma.

Skripti yangu ina wasichana wawili, marafiki, waliosafirishwa pamoja kutoka kijiji kimoja mashariki mwa Poland. Mmoja anafika Tengeru. Baada ya kuangalia tamthilia hii mara ya pili nilirudi kuisoma rasimu yangu ya kwanza, nikagundua jambo ambalo sikuwa nimelikusudia: kila anayekufa nilikuwa nimempa kosa. Mama mmoja aligawa mkate wake wote, akafa. Mzee alibishana na mlinzi, akafa. Na yule rafiki alikunywa maji ya mtaro pale Uzbekistan baada ya kukatazwa, akafa. Nilikuwa nawatafutia sababu ili anayepona astahili kupona.

Usiku ule nilifuta yote. Sasa hivi wote wawili wanakunywa maji yaleyale, kutoka ndoo moja, kwa kikombe kimoja. Mmoja anaugua, mwenzake haugui. Muongozaji ninayefanya naye kazi ameisoma akaniuliza, "Sasa hapo mtazamaji ataelewa nini?" Bado tunabishana naye kuhusu ukurasa huo.

Jumamosi naenda makaburini Tengeru na daftari, nataka kunakili majina na miaka ya waliozikwa wakiwa watoto. Dada Mhariri, kama mama yako anakumbuka chochote alichosimuliwa kuhusu Ifunda, hata rangi ya milango, niandikie.

Dada Mhariri:

Nampigia kesho asubuhi kabla hajaenda shamba.